Mdomo unanuka asubuhi, nikila unatulia, baadaye unarudi. Ni kawaida?

Muuliza swali:
Habari wakuu, naombeni mwenye uelewa anisaidie maana hili jambo linaninyima raha. Kila usiku napiga mswaki kabla ya kulala, sina jino bovu, fizi hazitoki damu, na daktari wa meno kaniangalia kasema kinywa kiko safi. Lakini nikiamka mdomo unanuka balaa, nikishapata kifungua kinywa harufu inakata yenyewe, halafu ikikaribia saa sita na sijala naihisi tena, nikila inapotea, jioni hivyohivyo. Inakuwaje iwe inakuja na kuondoka kwa ratiba namna hii? Kuna mtu kaniambia ni tumbo chafu, ninywe dawa ya kulisafisha, nikaona niulize kwanza.

Jibu 1:
Mkuu hiyo dawa ya tumbo achana nayo kabisa. Kwa mtu mwenye afya harufu inatoka humohumo mdomoni, na sanasana nyuma ya ulimi kule mswaki haufiki. Kule kunaishi bakteria wasiopenda hewa, chakula chao ni protini, yaani vijingozi vilivyokufa, mabaki ya msosi, hata protini ya kwenye mate yenyewe, wakishaivunjavunja wanatoa gesi za salfa. Mojawapo ni hidrojeni salfaidi, ile ya yai viza.

Anayewabana ni mate. Kwa siku mtu anatoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu, yanaosha mdomo, yanaleta oksijeni, na ukimeza unaondoka na bakteria kibao. Sasa ukilala mate karibu yanakauka, humezi sana, ulimi umetulia, yaani masaa yote hayo wanajiachia tu. Ndo maana hata mtu awe msafi vipi ataamka nayo, na anayelala mdomo wazi inakuwa mbaya zaidi.

Jibu 2:
Naongezea upande wa mchana. Kula kwenyewe ni kuosha kinywa, ukitafuna mate yanakuja kwa wingi, chakula kinasugua ulimi, unameza. Kwa hiyo harufu inakuwa juu kabla ya mlo, inashuka ukishakula, halafu inapanda taratibu mpaka mlo unaofuata, ratiba unayoiona ndo hiyo. Ukiongea masaa mengi bila kunywa maji, ukiwa na wasiwasi, mdomo unakauka na yenyewe inapanda mapema.

Ila ukikaa bila kula muda mrefu sana kuna kitu kingine, mwili unaanza kuchoma mafuta na asetoni, kemikali yenye harufu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, inatoka kwenye pumzi, hiyo inatoka kwenye mapafu sio mdomoni, usipige mswaki kwa hasira mpaka fizi zikaumia maana haitaondoka hivyo.

Muuliza swali:
Duh asanteni sana, nimepumua. Sasa hiyo ya saa sita naizuiaje? Na nitajuaje kama watu wanaisikia kweli au ni mimi tu?

Jibu 3:
Dada/kaka, pua yako imeshazoea hewa ya mdomo wako kwa hiyo haiaminiki, na ile ya kupulizia kiganja inadanganya sana. Muulize mtu mmoja unayemwamini, akwambie ukweli saa hiyohiyo ya mchana.

Kuizuia, anza na ulimi. Kabla ya kulala ukwangue kutoka nyuma kuja mbele, polepole, pitisha na uzi katikati ya meno. Mchana kunywa maji, na ukiona mlo uko mbali tafuna chingamu isiyo na sukari, kazi yake kubwa ni kuita mate. Dawa za kusukutua zenye alkoholi mi sizipendi kwa mtu ambaye shida yake ni mdomo kukauka, zinaweza kuukausha zaidi. Na siku umekula kitunguu saumu usihangaike, gesi yake nyingine inaingia kwenye damu inatokea mapafuni, subiri tu iishe.

Cha kuangalia ni kama inashuka ukishakula. Ikifika mahali umekula, umepiga mswaki, umekwangua ulimi na bado iko palepale asubuhi mpaka usiku, au fizi zikianza kutoa damu, hapo rudi kwa daktari wa meno aangalie fizi na matonsili.