Mpigaji wa besiboli kamzuia mdakaji bila kukusudia: nilikosea kumwacha?

MwalimuChaki: Wadau, hamjambo. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Jumamosi nilitwikwa urefa wa besiboli kwa sababu refa wetu aliugua. Kandanda naijua, huu mchezo mwingine najifunzia uwanjani.

Hali ilikuwa hivi. Mmoja wa timu inayopiga ameshatolewa, mkimbiaji wao yuko besi ya kwanza. Mpira uliporushwa akachomoka kwenda kuiba ya pili, yaani kuiwahi bila kungoja mpira upigwe. Mpigaji akazungusha gongo kwa nguvu zote, akakosa, akapepesuka mpaka juu ya homu, kile kibao kilicho mbele ya mdakaji. Mdakaji kutupa, mpira ukamgonga mpigaji bega ukaenda zake, na mkimbiaji akafika besi ya tatu. Nikasema hakukusudia, mchezo uendelee. Kocha wa wale wengine nusura anichane shati. Nilikosea?

OmenaTamu: Hukukosea, mwalimu. Mtoto kapepesuka tu. Kwani hata kwenye kandanda si mkono wa bahati mbaya unasamehewa?

RefaMzee_Kakamega: Omena, kandanda tuwaachie Gor na Ingwe. Hapa kusudi haliulizwi. Mpigaji akitoka kwenye kisanduku chake kilichochorwa chini akamzuia mdakaji kutupa, ametoka, na mkimbiaji anarudi alikokuwa. Angetulia ndani ya kisanduku bila kufanya chochote cha ajabu, hapo ningekuwa upande wako, maana halazimiki kuyeyuka.

Ila usikimbilie kusimamisha mchezo. Mnyooshee mpigaji kidole, tamka kosa kwa sauti, kisha ngoja uone mtupo unaishia wapi. Mkimbiaji akitolewa kwa mtupo huohuo, kosa linafutika: mkimbiaji ametoka, mpigaji anaendelea kupiga. Marefa wengi wapya huharibu hapo.

Halafu mwalimu, hujasema. Ilikuwa straiki (kosa la kupiga) ya ngapi?

GlavuKuukuu: Mimi nadaka, niko Nakuru. Na gongo likizunguka hadi nyuma likanigonga, bila kusudi?

RefaMzee_Kakamega: Pole, kijana. Hiyo ni straiki tu. Mpira umekufa, yaani mchezo unasimama, wakimbiaji wanarudi, isipokuwa mtupo wako umemtoa mmoja. Mwalimu yuko wapi?

MwalimuChaki: Nipo, mzee. Ilikuwa ya tatu.

RefaMzee_Kakamega: Lo! Basi mpigaji alishatoka kwa straiki tatu. Aliyekwisha kutoka akizuia mchezo, anayelipa ni mkimbiaji ambaye mdakaji alitaka kumtoa. Wote wawili wametoka. Na mmoja alikuwa ametoka kabla, jumla watatu, idadi inayomaliza zamu ya kupiga. Zamu yao ilikuwa imekwisha.

GlavuKuukuu: Usijiue, mwalimu. Fainali za Marekani 1975, mchezo wa tatu, Ed Armbrister wa Cincinnati aliugusa mpira kidogo kwa gongo kisha akagongana na mdakaji Carlton Fisk wa Boston. Refa Larry Barnett akasema si kosa. Boston wakalala 6-5, na watu wanabishana hadi leo.

RefaMzee_Kakamega: Ile ni kesi nyingine. Armbrister alikuwa ameshaugusa mpira, kwa hiyo alikuwa mkimbiaji tayari. Lakini kelele ni zilezile.

MwalimuChaki: Asanteni. Sijawaambia kwamba yule wa besi ya tatu ndiye aliyeleta pointi ya ushindi. Leo nimemwona kocha sokoni Kibuye, nikapitia upande wa mitumba.