Naomba ushauri: mama mwenye magoti mabovu anataka kuona kinu cha upepo kwa ndani, Uholanzi

BintiMoshi: Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Naishi Rotterdam, mama anakuja mwezi wa tano. Ombi lake kubwa ni kuingia ndani ya kinu cha upepo, aone mawe ya kusagia na vyumba alivyoishi mwenye kinu. Picha za nje hazitaki. Marehemu baba alikuwa na mashine ya unga, na mama ndiye aliyepima madebe miaka yote, kwa hiyo natamani sana apate anachokitaka. Ila ngazi anapanda kwa shida. Nimpeleke Kinderdijk?

Mzee wa Boti: Marahaba binti. Kinderdijk pazuri mno: vinu 19, Urithi wa Dunia tangu 1997, na kutoka Rotterdam mnaenda kwa boti. Makazi ya familia utayaona kwenye vinu vya makumbusho. Lakini vinu vile vilijengwa kuvuta maji mashambani, si kusaga. Mama atauliza mawe yako wapi.

Kaka Leiden: Dada, njooni De Valk hapa Leiden. Kinu cha matofali cha 1743, ghorofa saba, cha nafaka hasa, na si mbali na stesheni ya treni. Kilichonifanya niandike ni hiki: makazi ya mwenye kinu yako chini kabisa. Jiko, sebule, vyombo vyao, vyote mama ataviona bila kupanda juu. Kimekuwa makumbusho tangu 1966. Huko juu ngazi zimesimama wima, watu hushuka kinyumenyume, asijaribu. Wewe panda umrekodie mawe. Jumatatu wanafunga.

BintiMoshi: Ahsante kaka. Mabawa huwa yanazunguka?

Kaka Leiden: Inategemea upepo na kama msagaji yupo. Piga simu kwanza, uulize pia vizingiti vya mlangoni.

Mama Nuru: Mdogo wangu, kama ni mwezi wa tano, lenga wikiendi ya pili. Ni siku za vinu nchi nzima, vingi hufunguliwa na kuzungushwa. Wasagaji wengi siku hizi ni watu wa kujitolea waliosomea kazi hiyo, na wanapenda maswali. Waambie mama alikuwa akiendesha mashine ya unga, umtafsirie polepole. Mawe ya juu yanavyozunguka juu ya jiwe lililotulia, hilo atataka aelezwe na mwenzake wa kazi.