Lenzi ya milimita 14 yenye kioo kilichotuna: ninunue filta za milimita 150 au nibadilishe lenzi?

Mwambao
Salaam ndugu zangu. Natumia kamera ya Nikon D750 na lenzi ya AF-S 14-24mm f/2.8G, na kazi yangu kubwa ni picha za mandhari ya pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Jambiani, alfajiri maji yanapokupwa. Wanaoijua lenzi hii wanafahamu kwamba kioo chake cha mbele kimetuna kama jicho la chura na hakina uzi wa kufungia filta (kile kioo cha kuchuja mwanga), hivyo inanibidi ninunue kishikio maalumu kinachovikwa kwenye lenzi pamoja na filta zenye upana wa milimita 150. Bei na uzito wake vinanitisha. Je, nijikaze ninunue, au niiuze nichukue 16-35mm f/4, yenye uzi wa milimita 77, ili nitumie filta za milimita 100? Ninachotaka ni kulainisha maji na kuzuia anga lisitoke jeupe tupu.

Kusi
Mfumo wa milimita 150 nimeutumia misimu miwili, kisha nikaachana nao, na kilichonishinda ni upepo kuliko bei. Kusi ikivuma, kioo kikubwa kiasi kile hushika upepo kama tanga la ngalawa, na shata (pazia la kamera) ikikaa wazi sekunde 30 picha hutoka na ukungu hata kama tripodi umeitundikia mfuko wa mchanga. Kuna na chumvi: filta ya milimita 150 ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 100, na yote hayo unayafuta kwa kitambaa huku rangi za alfajiri zikikupita, maana huku kwetu jua halisubiri mtu.

Upande wa pili, milimita 14 huona pembe ya nyuzi 114 kutoka kona hadi kona, na milimita 16 huona 107, kwa hiyo hupotezi sana. Pale Jambiani, maji yakiwa yamekupwa, una nafasi tele ya kurudi nyuma hatua chache. Isitoshe, siku ukihamia kamera za Nikon Z, lenzi ya 14-30mm f/4 ina uzi wa milimita 82, kwa hiyo utanunua pete ya kuunganishia tu na vioo vitabaki vilevile.

Mbuyu
Mimi nisingeharakisha kuuza. Kama unapiga picha za nyota, ule uwazi wa f/2.8, unaoingiza mwanga mwingi, utaukumbuka sana. Ila kama kazi yako ni alfajiri tu, namuunga mkono Kusi, na ninaongeza kwamba huhitaji seti nzima. Filta yenye giza upande wa juu hufaa penye upeo wa bahari ulionyooka, lakini mlingoti wa jahazi au mnazi ukipenya juu ya upeo nao hutiwa giza. Mimi hupiga picha tatu zilizopishana stopu mbili (kila stopu huongeza au kupunguza mwanga mara mbili) na kuziunganisha nyumbani. Polaraiza, filta ya kukoleza buluu ya anga, nayo iache kwa lenzi pana hivi: anga hukolea zaidi kwenye nyuzi 90 kutoka lilipo jua, na kwa kuwa lenzi inalimeza anga kubwa mno, utapata doa la buluu nzito katikati na weupe pembeni.

Kinachobaki ni filta ya kupunguza mwanga, nayo haina mbadala wa haraka. Wengi hukimbilia ya stopu kumi, inayogeuza muda wa shata wa 1/30 ya sekunde kuwa karibu sekunde 34, na bahari ikawa moshi mtupu. Kwa maji yanayorudi yakichora mistari mchangani, stopu sita zinatosha: 1/15 huwa kama sekunde nne, na mkondo bado unaonekana.

Mwambao
Nashukuruni sana. Nyota huwa napiga labda mara moja kwa mwaka, kwa hiyo lenzi nitaibadilisha, nianze na filta moja ya stopu sita. Je, nichukue ya kioo au ya plastiki?

Kusi
Ya kioo, kwa sababu plastiki hukwaruzwa na mchanga mara ya kwanza tu unapoifuta. Imwagie maji yasiyo na chumvi kwanza, ndipo uifute. Na usiibadilishe ukiwa umesimama kwenye mwamba. Yangu ya kwanza ilibaki hukohuko.