Stesheni ya Orsay, Paris: waliigeuzaje makumbusho bila kuiharibu?

Mwanaramani
Wakuu habari zenu, nasomea usanifu majengo na tumepewa kazi ya kutafuta matumizi mapya ya stesheni ya zamani, mimi nimechagua Orsay kama mfano. Kinachonisumbua ni hiki, ule ukumbi una urefu wa mita 138 na kimo mita 32, sasa waliwezaje kuweka picha ndogondogo mle zisimezwe? Na kwa nini hawakupiga ghorofa mpaka juu wapate nafasi?

FundiChuma
Mkuu anzia kwenye treni. Msanifu Victor Laloux aliijenga kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1900 na treni zilizoingia pale zilikuwa za umeme, moshi hakuna, ndo maana alithubutu kuipamba dari yote kwa maua ya plasta. Zingekuwa za makaa pangekuwa peusi tii. Kufika 1939 treni za mbali zimeshakuwa ndefu kuliko majukwaa, zikahamishwa. Ukipiga slabu mpaka juu umeua kitu chenyewe kinacholeta watu.

MamaTuli
Mwanangu mimi nakaa huku Ufaransa, pale nimefika. Ukiingia unajikuta uko juu unatazama chini, maana reli zilikuwa chini ya usawa wa barabara, halafu unashuka ngazi na kufuata njia ya katikati inayopanda polepole. Hapo wameweka sanamu, zenyewe zinauweza ule ukubwa. Picha ziko pembeni kwenye vyumba vya mawe vya Gae Aulenti, yule msanifu Mwitaliano aliyepanga ndani ya makumbusho, na juu ya vyumba hivyo watu wanatembea, yani kama mtaa mzima ndani ya nyumba. Picha za wachoraji akina Monet zimepandishwa juu kabisa chini ya paa, zipate mwanga wa jua.

FundiChuma
Hayo mawe kwangu mazito mno, yanabishana na chuma cha Laloux. Ila nampa haki yake Aulenti, ukitazama unajua mara moja kipi ni cha stesheni ya 1900 na kipi ni cha 1986 makumbusho yalipofunguliwa.

Mdau77
Msisahau ilikuwa ibomolewe ijengwe hoteli mpya. Watu walishakasirika masoko ya zamani ya Les Halles hapo Paris yalipovunjwa 1971, serikali ikaogopa kurudia, 1973 ikaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa. Mwanaramani, chora seksheni (jengo likikatwa wima) kabla ya plani (likitazamwa toka juu), na uionyeshe RER C, reli ya treni za mjini na vitongoji, treni zake bado zinapita hapo chini mpaka leo.