Pampu ya mafuta imekufa mara ya pili ndani ya miezi minne, tatizo ni nini?

BwanaShamba_Uru
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki ya injekta (ile ya kupuliziwa mafuta kwa presha ya pampu), cc 250, mtumba wa Japani. Kazi yangu ni kuzungukia wakulima wa kahawa Uru na Kibosho, yaani kutwa nzima ni kupanda na kushuka. Mwezi wa tano pampu ilikufa, fundi mmoja hapa Moshi akaniwekea nyingine ya elfu tisini. Jana natafuta Kibosho, kilima kimebaki kidogo, ikakohoa mara mbili ikazima. Nikaigeuza nirudi, ikawaka. Nikapanda tena, ikazima palepale. Leo asubuhi ndiyo imegoma kabisa. Stata inazungusha vizuri, taa zote zipo, ila ule mlio wa "ziiii" nikifungua switchi siusikii. Fundi anasema nilete elfu tisini nyingine. Kabla sijazitoa, nisaidieni.

Mangi_Kiboriloni
Uza hiyo, chukua ya kabureta. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki, hakuna cha pampu wala nini. Ikiziba unaizibua njiani.

SpanaKumi
Mangi, mwenzio kauliza dawa, wewe unamtajia bei ya jeneza.

Bwana Shamba, usinunue kwanza. Angalia fyuzi na rilei ya pampu, yaani kile kiswitchi cha umeme kinachoiwasha. Zikiwa nzima, chomoa soketi ya pampu chini ya tenki, weka mita ya kupimia umeme, mtu mwingine akufungulie switchi. Utaona karibu volti 12 kwa sekunde mbili tatu, halafu zinakata, maana kompyuta inaizima pampu kama injini haizunguki. Kwa hiyo kaa tayari, usije ukapepesa macho ukasema hakuna umeme. Volti zikija na pampu ikikaa kimya, imekufa. Zisipokuja, pampu unaionea bure, fuata waya.

Na unijibu ukweli: huwa unaweka mafuta ya shilingi ngapi?

BwanaShamba_Uru
Mita nimeazima kwa fundi redio. Zimekuja volti 12.4, zikakata. Pampu kimya.

Mafuta huwa naweka ya elfu tano tano, kaka. Taa ya akiba nimeshaizoea kama taa ya sebuleni.

SpanaKumi
Basi muuaji tumempata. Pampu hiyo inakaa ndani ya tenki, na inapozwa na mafuta hayohayo. Mafuta yakiwa ya chini, ukikaza mlima yanakimbilia nyuma, pampu inabaki kunyonya hewa na kuchemka. Ndiyo maana ulipogeuza jana ikawaka. Tena tenki lisilojaa linatoa jasho kwa ndani, kutu inaanza. Nina wasiwasi na kale kachujio ka wavu chini ya pampu. Itoe ukaangalie. Fanyia nje, toa kwanza waya hasi wa betri, na mwenye sigara akae mbali.

Mama_Injekta
Naongezea hapo. Kipande cha mpira wa kupitishia mafuta ndani ya tenki kisiwe cha ule unaokatwa dukani kwa mita. Ule umetengenezwa kupitisha mafuta kwa ndani, sio kulowa nje pia. Unalainika, unapasuka, presha inarudi tenkini na unabaki kulaumu pampu. Ile raba ya mfuniko wa pampu nayo weka mpya, kwa sababu ya zamani ikishatoka inavimba na hairudi mahali pake. Na tafadhali usipake silikoni! Petroli inaila, vipande vinaishia kwenye chujio. Boliti zikaze kwa kupishanisha, kidogo kidogo.

BwanaShamba_Uru
Nimeifungua uani. Kachujio ni kekundu kama matope ya Uru mwezi wa nne. Fundi alihamisha kale ka zamani akakavika pampu mpya! Na silikoni ipo, imening'inia kama makamasi. Nimesuuza tenki mara tatu. Mama watoto anauliza kwa nini hadi jikoni kunanuka sheli. Pampu, chujio na raba vinakuja na basi la kesho kutoka Arusha.

SpanaKumi
Ukimaliza kufunga, fungua switchi na kuzima mara tatu nne kabla ya kupiga stata, mpaka mafuta yafike mbele.

BwanaShamba_Uru
IMELIA! Ziiii, ikanyamaza, stata ikadaka mara moja. Nimetoka kujaza tenki hadi juu, mhudumu wa sheli ambaye ananijua kwa elfu tano zangu akaniuliza nasafiri kwenda wapi.