Riwaya ya sehemu kwa sehemu: nguvu za mhusika ziende kwa namba, madaraja au miiko?

Msomaji wa Uyole: Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya kubuni. Mhusika ni Atuganile, binti anayeshuka kreta ya Ziwa Ngosi, kule Mbeya, kumtafuta kaka yake. Nguvu zake nizipange vipi? Kuna namba: pointi, leveli, ubao unaomtokea mbele ya macho, mtindo wenye mizizi kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons ya 1974. Kuna madaraja ya hadithi za Kichina: unakusanya nguvu ya ndani, unajenga msingi, unafika kiini cha dhahabu. Au miiko, kila uwezo na sharti lake.

Kihesa Juu: Namba. Msomaji amesubiri wiki nzima, anataka kuona hatua. Madaraja mwisho wake yanachosha. Mhusika akifika juu, mwandishi anaongeza daraja jingine, na maadui wa jana hawatishi tena.

Dada wa Mwanjelwa: Kaka Kihesa, hapo nakupinga. Tuseme Atuganile amemkuta kaka yake ukingoni mwa ziwa, hapumui, anamfunika kwa kitenge chake. Mara ubao: "Umepata pointi 300 za uvumilivu." Msomaji aliyekuwa analia anaanza kupiga hesabu! Mimi nachagua miiko. Akitaka kumponya mtu, asahau sauti ya mtu anayempenda. Hapo kila uponyaji unakuwa uamuzi, na tunamjua ni mtu wa namna gani.

Mzee wa Tukuyu: Wanangu, mwiko utajwe mapema. Ukiutaja siku ileile unapomuumiza, msomaji ataona umembambikia. Anza na dogo: aponye kidole cha mtoto aliyejikata na kisu, jioni sauti ya bibi yake imemtoka kichwani, ingawa maneno ya bibi anayakumbuka yote. Wakifika Ngosi, wasomaji wataanza kuogopa kabla yake.

Kihesa Juu: Shikamoo mzee. Hilo nimelikubali. Ila namba msizitupe, zicheleweshwe tu. Ubao umtokee asubuhi akiamka, akiwa ameshajua alichopoteza.

Msomaji wa Uyole: Ndaga fijo, asante sana, mzee wangu. Nachukua miiko, na ubao wa asubuhi nitautumia baada ya mapambano tu. Dada, baada ya bibi, sauti inayofuata iwe ya nani? Mama au kaka?

Dada wa Mwanjelwa: Kaka! Amwite kwenye ukungu wa Ngosi, yeye asijue ni nani anayeita. Kata hapohapo, utuachie hamu mpaka wiki ijayo.