Bujo naanzia wapi jamani?

kalamu_kavu: Wakuu habarini, nataka kuanza hii bujo (bullet journal), ile ya kupanga mambo yako kwenye daftari, ila kila nikiingia mtandaoni naona kurasa zimechorwa maua na rangi kama kadi za harusi, na mimi hata mstari kunyooka hainyooki. Naanzaje?

mzeewanukta: Achana na maua mkuu. Ryder Carroll, jamaa aliyeibuni, alipoitangaza 2013 ilikuwa kalamu na daftari tu. Kurasa za mwanzo ziache kwa ajili ya faharasa, kila ukurasa upe namba, halafu andika kwa kifupi: kazi weka nukta, tukio kaduara, maelezo kistari. Kazi ikiisha ile nukta unaigeuza X, basi.

Bi_Daftari: Na ambazo hujafanya, mwisho wa mwezi unaziwekea alama ya >, unaziandika upya mwezi unaofuata. Mimi "panga kabati" nimeihamisha miezi minne mpaka mkono ukachoka nikaifuta, kumbe wala sikuwa na shida nayo 😂

kalamu_kavu: Hahaha. Ninalo daftari la mistari, nusu limeshatumika, litafaa?

mzeewanukta: Linafaa sana, anzia hapo lilipoishia, usingoje tarehe moja.